Udogo wa biashara si kinga dhidi ya wadukuzi

"Sisi ni wadogo, nani atahangaika kutudukua?" Kauli hii hudhani kwamba mdukuzi huanza kwa kuchagua jina la biashara. Mara nyingi hachagui. Programu yake hupekua intaneti ikitafuta kompyuta zenye kasoro fulani, wala haijali mwenyewe ana wafanyakazi wangapi. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa hivyo katika nchi nyingi, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro iliyotumiwa, tangu Machi. Kompyuta ambazo hazikuwekewa kiraka ndizo zilizonaswa.

Hapo ndipo inapofaa kukodi kampuni ya kusimamia kompyuta zako na usalama wake. Kuweka masasisho, kufunga akaunti za walioacha kazi, kufuatilia tahadhari usiku wa manane: fundi mmoja wa kuajiriwa hayamudu yote. Wiki ina saa 168. Yeye hufanya kazi kama 40.

Ila kukabidhi kazi si kukabidhi dhamana. Julai 2021 wahalifu walipenya kupitia programu ya kampuni ya Kaseya, ambayo kampuni za huduma kama hizo huitumia kusimamia kompyuta za wateja, wakafunga mafaili ya wateja hao. Kwa hiyo mkataba utaje ni nani anayeshika nenosiri kuu, na uthibitisho wa hatua mbili uwe lazima kwa mafundi pia. Nakala rudufu moja ikae nje ya mtandao, na kila baada ya miezi 3 rudisheni faili halisi kutoka humo. Mara nyingine jaribio hilo ndilo hufichua kwamba folda ya hesabu haikuwahi kunakiliwa.