Maili ya Bia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Maili ya bia ni mbio za mizunguko minne ya uwanja wa riadha, na kabla ya kila mzunguko mkimbiaji anakunywa bia moja mpaka imalizike. Bia nne, mizunguko minne, na saa haisimamishwi wakati wa kunywa. Maelezo yenyewe ni hayo tu, na labda ndiyo sababu kila anayeyasikia mara ya kwanza hujijazia mengine. Wapo wanaosema huo ni ulevi uliovaa raba. Wapo pia, hasa vijana wa klabu za jogging ambao Jumamosi hukimbia alfajiri na jioni wakakutana baa, wanaoiona kuwa kitu cha kujaribu wikiendi ijayo bila kujiandaa. Wote wanakosea, lakini kosa la hawa wa pili linanitia hofu zaidi kwa sababu linaweza kumuua mtu.

"Ni mchezo wa walevi, hauna sheria"

Sheria zipo, na ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Zinajulikana kama sheria za Kingston. Msomaji wa kwetu akisikia Kingston atawaza Jamaika, na ana haki, maana huko ndiko Filbert Bayi wetu alikoweka rekodi ya dunia ya maili tarehe 17 Mei 1975, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Hii ya bia ni Kingston nyingine, mji wa Ontario nchini Kanada wenye Chuo Kikuu cha Queen's, na ni wakimbiaji wa huko waliozipa mbio hizi utaratibu unaofuatwa hadi leo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Bia iwe na kilevi cha asilimia 5 au zaidi, na kopo au chupa isipungue mililita 355. Hairuhusiwi kutoboa kopo ubavuni ili bia imwagike kooni kwa kasi, wala kutumia mrija, wala makopo yenye mdomo mpana. Kopo linafunguliwa ndani ya eneo la kunywea, mita chache kabla ya mstari, na huruhusiwi kutoka hapo bia haijaisha. Ukitapika kabla ya kumaliza, unaongezewa mzunguko wa adhabu mwishoni. Na kwa kuwa maili ni mita 1609 na mizunguko minne ni mita 1600 tu, mbio zinaanzia mita 9 nyuma ya mstari, ili asitokee mtu wa kudai kwamba umbali haukutimia.

Anayedhani haya ni maneno ya kwenye karatasi amwangalie Corey Bellemore wa Kanada. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya dunia ya Vancouver, alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 24 na kitu, muda ambao hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameukaribia. Baada ya mbio waamuzi walikusanya makopo yake na kupima kilichobaki ndani. Kinachoruhusiwa kubaki, ukijumlisha makopo yote manne, ni aunsi 4, yaani kama mililita 118. Yeye alikuwa amezidisha nusu aunsi, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chakula. Akaondolewa. Alisubiri hadi 2021 ndipo akakimbia 4:28.1 na muda huo ukakubaliwa, wa kwanza kukubaliwa chini ya dakika 4 na nusu. Mchezo unaomnyima bingwa wake rekodi kwa kijiko cha bia hauwezi kuitwa mchezo usio na sheria.

"Anayeshinda ni mnywaji hodari"

Dhana hii ina mizizi baa, mahali ambapo kila meza ina mtu anayejisifu kumaliza chupa kwa pumzi moja. Mtu huyo akiwekwa uwanjani atamaliza bia ya kwanza mbele ya wote na kupitwa kabla ya kona ya pili. James Nielsen, Mmarekani aliyekuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 5, Aprili 2014, kwa 4:57.1, alikuwa bingwa mara mbili wa mita 5000 katika daraja la tatu la vyuo vikuu vya Marekani. Alianza kuwa mkimbiaji, kunywa kwa kasi alijifunza baadaye.

Ila kukimbia peke yake nako hakutoshi, na ushahidi ni Nick Symmonds. Huyu alikuwa kwenye fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London 2012, ile ambayo David Rudisha aliikimbia kwa 1:40.91. Symmonds alishika nafasi ya tano. Mwaka huohuo alijaribu maili ya bia na kupata 5:19, ilhali maili ya kawaida aliweza kuikimbia chini ya dakika 4. Dakika nzima na zaidi ilimezwa na makopo manne. Wakali wa mchezo humaliza kopo moja kwa sekunde 5 hadi 10. Mgeni anaweza kusimama na la tatu nusu dakika, macho yakimtoka.

"Kinachowashinda ni pombe"

Hapa ndipo wengi wanapopotea kabisa. Ndani ya dakika 5 au 10 za mbio, pombe bado haijapata nafasi ya kufanya lolote la maana. Adui wa uwanjani ni gesi.

Bia ya kawaida imebeba gesi ya kaboni inayozidi ujazo wa bia yenyewe mara mbili na nusu hivi. Makopo manne ni mililita 1420, kwa hiyo ndani yake mna karibu lita tatu na nusu za gesi. Kiasi fulani hupotea kopo linapofunguliwa, kingine kinashuka tumboni, halafu mwenye tumbo hilo anaanza kukimbia na kulitikisa. Povu linajaa, tumbo linasukuma kiwambo cha kupumulia juu, na mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka saa ileile yanapohitaji hewa kuliko wakati wote.

Mwangalie mkimbiaji anaporudi kwenye meza baada ya mzunguko wa pili. Anahema kwa mdomo wazi, mkono unatetemeka kidogo akivuta kishikio cha kopo, povu linamtoka juu ya vidole. Mtu akimeza, pumzi husimama. Mwili hauwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo huyu ambaye kila chembe yake inalilia hewa analazimika kuifunga pumzi, ameze mafunda matatu, apumue, ameze tena. Akimaliza analigeuza kopo juu chini kuonyesha kwamba limekwisha, anatembea hatua mbili, anajaribu kucheua, na haichomoki. Ndiyo maana wazoefu wengi watakwambia bia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Kucheua ukiwa katika mwendo, bila kuleta juu na kilichomo, ni ufundi kamili wa mchezo huu, na watu huufanyia mazoezi.

Kutokana na hilo inaanguka dhana nyingine, kwamba bia ikiwa ya baridi sana ndiyo itashuka vizuri. Kimiminika cha baridi hushika gesi zaidi, na kikipata joto la tumbo huiachia. Tena baridi kali hubana koo. Wanaojua huiacha bia ipungue ubaridi wake kabla ya mbio. Wale wa Tanzania ambao muhudumu akiuliza "ya moto au ya baridi?" hujibu "ya moto," hapa wangekuwa na la kuwafundisha wenzao.

"Nimemaliza na sijalewa, niko fiti"

Naomba sehemu hii isomwe taratibu.

Kilevi kidogo hupenya kupitia ukuta wa tumbo. Kingi huingia kwenye damu baada ya kufika utumbo mwembamba. Mbio kali huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo, kwa hiyo pombe inakaa inasubiri. Mkimbiaji anavuka mstari akiwa na akili zake, anacheka, anapiga picha, anajiona jasiri. Kilele cha pombe katika damu kwa kawaida huja kati ya nusu saa na saa moja na nusu baadaye. Mtu aliyejipima dakika 5 baada ya mbio na kujiona mzima amejipima kabla mtihani haujaanza.

Tupige hesabu. Makopo manne ya mililita 355 yenye asilimia 5 yana takriban gramu 56 za kilevi halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, kiasi hicho kikiingia chote ndani ya muda mfupi kinampeleka karibu na miligramu 100 kwa kila mililita 100 za damu. Nchi nyingi zimeweka ukomo wa dereva kuwa 80, na nyingine 50. Mwanamke wa kilo 55 anaweza kukaribia mara mbili ya hiyo 80, kwa sababu mwili wake ni mdogo na maji yaliyomo ni kidogo zaidi. Hawa ni watu waliokuwa wakiongea vizuri dakika 40 zilizopita na sasa wanatafuta funguo za pikipiki.

Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa gramu 56 hiyo ni saa 6 hadi 8, na hakuna njia ya kuliharakisha: si kahawa, si maji ya baridi kichwani, si supu ya asubuhi. Wala si jasho. Wakimbiaji wenzangu wengi wanaamini kwamba mtu "huitoa" pombe kwa kukimbia, na hata walioachana na imani nyingi za kijiweni hii hawajaiacha. Kinachotoka kwa jasho, mkojo na pumzi kwa pamoja ni asilimia ndogo, kwa kawaida chini ya 10. Kilichobaki chote kinalisubiri ini.

Mwenye kuzidiwa asiachwe alale chali peke yake. Alazwe ubavu, ili akitapika matapishi yasirudi kwenye njia ya hewa, na awepo mtu wa kukaa naye. Asipoamka anapotikiswa, au pumzi ikiwa ya polepole na ya kukatika, ni hospitali mara moja, bila kumsubiri "alale aamke."

"Si nimekimbia, kalori zimefidiwa"

Hazijafidiwa. Kopo moja lina kalori kama 150, manne ni 600. Kukimbia maili moja kunachoma kama 100. Na bia haimrudishii maji aliyetoka jasho namna hii: kilevi kinazuia homoni inayoziambia figo zitunze maji, kwa hiyo safari za chooni zinaongezeka. Maji ya kawaida yawepo pembeni, yanywewe kabla na baada.

"Chupa za kwetu ni zilezile"

Tusker ya Kenya ina kilevi cha asilimia 4.2, kwa hiyo kwa sheria za Kingston haikubaliki. Lakini chupa yake kubwa ni ya mililita 500, na chupa nne ni lita 2 kamili, zaidi ya nusu lita juu ya zile za Kanada. Kilevi chote kinafika gramu 66, na gesi inaongezeka hivyohivyo. Anayeandaa mbio na kugawa chupa nne kubwa kwa kila mtu amewapa wenzake kazi kubwa kuliko ya mabingwa. Makopo madogo yapo madukani. Ndiyo ya kutumia.

Watu pia huchanganya maili ya bia na Hash House Harriers, ambao wako Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Hash ilianzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938 na Waingereza waliokuwa wakiishi huko. Ni mbio za kufuata alama njiani, hakuna mshindi, na kinywaji huja mwishoni watu wamekaa. Kwa mtu anayetaka kukimbia na kufurahi na wenzake, mimi ningemwelekeza huko kwanza.

"Asiyekunywa pombe hana nafasi"

Anayo, na namwonea wivu. Huko Amerika Kaskazini wapo wanaokimbia mizunguko ileile minne kwa soda au kwa maziwa ya chokoleti. Ya soda inafaa sana kwetu, kwa sababu ugumu halisi wa mbio hizi, yaani gesi na pumzi, unabaki vilevile. Wanaofunga, wajawazito, wanaotumia dawa zisizopatana na pombe, wenye matatizo ya moyo au ini, na waliopambana kuacha kunywa wasishawishiwe kwa lolote kujaribu ile ya bia. Walio chini ya miaka 18 wasikaribishwe kabisa.

Klabu ikiamua kuandaa ya bia, jambo la kwanza ni kupata ruhusa ya mwenye uwanja, maana viwanja vingi ni vya shule na pombe hairuhusiwi humo. La pili ni chakula saa mbili au tatu kabla, kiasi cha kutosha bila kushiba. La tatu ni funguo zote za magari na pikipiki kukusanywa kabla kopo la kwanza halijafunguliwa, zikashikwa na mtu ambaye siku hiyo hanywi, na zisirudishwe hadi kesho yake.