Breka inayojizima si lazima iwe mbovu

Majumbani mwetu, Unguja na Pemba, wengi huamini kwamba breka, yaani swichi ya kwenye boksi la umeme inayojikata yenyewe, ikijizima ovyo imechoka, na dawa yake ni kuweka kubwa zaidi. Si ajabu kufikiri hivyo, maana ukiiwasha inakaa, kesho inajizima tena.

Breka huchakaa, ni kweli. Lakini mara nyingi hujizima kwa sababu inafanya kazi yake, ambayo ni kuulinda waya uliomo ukutani. Waya wa soketi wa milimita mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20. Ukiweka ya 40, waya unaweza kuungua breka ikiwa bado imewaka. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Angalia inajizima lini. Ikikaa kitambo kwanza, huenda mzigo umezidi. Gawa wati kwa volti 230 upate ampea: pasi ya wati 2,000 na birika la 2,200 ni kama ampea 18, ongeza jiko la umeme la 1,500, unakaribia 25. Ikijizima papo hapo, shuku shoti.

Breka yenye kitufe cha kujaribia hukata umeme unapovuja, aghalabu ukifika miliampea 30. Kwetu, mvua za masika na hewa ya chumvi huharibu soketi za nje na pampu za visima, kwa hiyo anzia huko. Chomoa vifaa vyote, iwashe breka, kisha rudisha kimoja kimoja. Ikijizima bila chochote kuchomekwa, usifungue boksi. Mwite fundi umeme apime nyaya.