Lenzi bandia kwa mwenye mtoto wa jicho: yasemwayo na ukweli wake

"Lenzi zote ni sawa, kazi ni kuwekewa tu." Hapa ndipo wengi huumia. Lenzi bandia huwekwa kwa upasuaji badala ya lenzi ya asili ya jicho iliyopata ukungu, yaani mtoto wa jicho. Kila lenzi ina nguvu yake, na nguvu hiyo hukokotolewa kutokana na urefu wa jicho, toka mbele hadi nyuma, na mpindo wa konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 23.5. Kipimo kikikosewa kwa milimita 1 tu, matokeo hupotoka kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3: upasuaji umekwenda salama, lakini mgonjwa anaona ukungu hadi avae miwani mizito. Mara nyingi kosa hutoka kwenye ultrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti, inayogusa jicho: mpimaji akikandamiza konea, jicho huonekana fupi kuliko lilivyo na huchaguliwa lenzi kali mno. Unayevaa lenzi za kubandika juu ya jicho badala ya miwani, zivue mapema kabla ya kupimwa, laini angalau wiki 1, ngumu wiki 3 au zaidi, kwa sababu hubadili umbo la konea. Uliyewahi kurekebishwa macho kwa leza ili uache miwani, sema. Hesabu za kawaida hazikufai.

"Ya bei kubwa ndiyo bora." Lenzi ya kuona mbali na karibu kwa pamoja huugawa mwanga. Mwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho), au retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, iliyoharibiwa na kisukari, atazidi kushindwa kutofautisha vitu penye mwanga hafifu. Dereva wa usiku ataona miduara kuzunguka taa. Hawa tunawashauri lenzi ya umbali mmoja, yaani inayolenga mbali tu au karibu tu, iliyo nafuu, bila kusita.

"Ukiwekewa, miwani basi." Lenzi ya umbali mmoja ikilenga mbali, utasoma kwa miwani. Fundi cherehani anaweza kuomba ilenge karibu, ila aseme kabla lenzi haijachaguliwa.

"Subiri akomae." Usisubiri. Mtoto wa jicho aliyekomaa ni mgumu kutoa, tena huzuia mwanga wa mashine ya kupimia urefu wa jicho bila kuligusa, mkabaki na ile ultrasaundi tu.

"Mtoto wa jicho hurudi, na lenzi hubadilishwa." Lenzi yenyewe ni nadra kupata ukungu. Kwa kawaida kinachofifia ni utando ulio nyuma yake, miezi au miaka baadaye. Leza iitwayo YAG huutoboa kwa dakika chache bila kisu.

Kabla ya kuondoka hospitali, omba kadi yenye aina, nguvu na namba ya lenzi. Itahitajika siku ya jicho la pili.