Kundi la kusaidiana kihisia ughaibuni: ni nini, na linafanyaje kazi mtandaoni

Kundi la kusaidiana kihisia ni watu wachache wanaopitia jambo linalofanana, waliokubaliana kusikilizana mara kwa mara bila yeyote kati yao kuwa daktari wa wenzake. Kwa walio ughaibuni, jambo hilo ni maisha ya mbali na kwao: upweke, majonzi yasiyoelezeka, hasira, hofu ya makaratasi kuisha muda, na ile hatia ya kutokuwepo nyumbani mama anapolazwa. Kundi likiwa la mtandaoni, wanakutana kwa simu, kwa maandishi, kwa ujumbe wa sauti au kwa video, siku na saa walizopanga wenyewe.

Wengi wakisikia hivyo husema magrupu mbona tunayo tele. Ni kweli. Ni vigumu kupata mji mkubwa wa Marekani au Uingereza wenye Watanzania na Wakenya ukakosa grupu lao la WhatsApp, na mengi yanafanya kazi ileile ya vyama vya kufa na kuzikana. Mtu akifariki, mchango unaanza siku hiyohiyo, kwa sababu kusafirisha mwili hadi Dar es Salaam au Kisumu ni maelfu ya dola na familia peke yake haiwezi. Magrupu haya yamewastiri watu wengi na yanastahili heshima. Lakini jaribu kuandika humo usiku wa manane, "Jamani nimechoka, nalia tu na sijui kwa nini." Utapata pole mbili tatu, mmoja atakutumia aya ya kukutia moyo, kisha mazungumzo yatarudi kwenye mchango wa harusi. Huruma watu wanayo. Ila grupu la watu mia tatu lililoundwa kwa ajili ya misiba na sherehe halina mahali pa kumweka mtu anayelia bila msiba.

Upweke wenyewe watu huuchukulia kirahisi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, alitenganisha upweke wa aina mbili. Upo wa kukosa jamii: huna majirani unaowajua, huna wa kunywa naye chai. Na upo wa kukosa mtu wa karibu, yule unayeweza kumwambia lolote akakuelewa. Aina moja haiondolewi kwa kutibu nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda kanisani kila Jumapili au msikitini kila Ijumaa, akacheka na watu, akarudi chumbani akajihisi yuko peke yake duniani. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, likauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Kwa hiyo anayelalamika upweke hadeki.

Mhamiaji naye ana mzigo wa ziada. Joseba Achotegui, daktari wa magonjwa ya akili wa Barcelona aliyewahudumia wahamiaji, mwaka 2002 alieleza msongo mkubwa wa muda mrefu unaowapata, akaupa jina la Ulysses, msafiri wa hadithi za Kigiriki aliyehangaika miaka mingi kabla ya kufika kwao. Anahesabu maombolezo saba ambayo mhamiaji huyabeba kwa wakati mmoja: ya familia na marafiki, ya lugha, ya utamaduni, ya nchi aliyoiacha, ya hadhi, ya kuwa karibu na watu wa kabila lake, na ya usalama wa mwili wake. La hadhi ndilo naliona linaumiza wengi kimyakimya. Mtu alikuwa mhasibu Mwanza, mtaa mzima unamwamkia. Leo anabeba boksi ghalani usiku, na msimamizi wake ni kijana asiyeweza kutamka jina lake. Achotegui anasisitiza kwamba hali hii si ugonjwa wa akili. Ni mtu mwenye akili timamu aliyebanwa na mambo mazito kupita kiasi, na kumwita mgonjwa ni kumwongezea mzigo.

Haya yote ni magumu kuyapeleka nyumbani. Kama baba aliuza shamba upate nauli, utampigiaje umwambie unalia usiku? Ukimwambia shangazi umechoka atakujibu, "Basi rudi, mwanangu," nawe unajua ada za wadogo zako zinatoka kwenye uchovu huohuo. Kwa hiyo unatuma picha umesimama kwenye theluji, unatabasamu. Kwenye kundi la wanaopitia hayohayo huhitaji kuanza kueleza kwa nini hurudi.

Wazo la wenye shida moja kusaidiana si geni. Mfano unaojulikana sana ni Alcoholics Anonymous, iliyoanzishwa mwaka 1935 huko Akron, Ohio, na walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waliogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kukaa mbali na pombe. Mwaka 1965 Frank Riessman, mwanasayansi wa jamii wa Marekani, alieleza jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa dhana hii: katika kusaidiana kwa namna hii, anayesaidia naye hupona, na huenda akanufaika kuliko anayesaidiwa. Mrudie yule mhasibu wa Mwanza. Kazini hakuna anayemuuliza neno. Kwenye kundi, mwenzake aliyefika juzi anamuuliza alivukaje mwaka wa kwanza, na anachojibu kinamfaa mtu. Dawa hiyo huwezi kuipata kwa kusikilizwa peke yake.

Linaonekanaje likiwa kazini? Chukulia kundi la wanawake kumi na wawili wanaohudumia wagonjwa na wazee, wametawanyika Minneapolis, Dallas na Leeds. Wamechagua Jumamosi. Ni majira ya baridi, Minneapolis ni saa moja asubuhi, na aliyetoka shifti ya usiku yumo ndani ya gari kwenye maegesho, amewasha hita, hajaondoka bado. Nyumbani, Nairobi, ni saa kumi jioni. Msimamizi anafungua kwa swali la kila wiki: umekujaje leo? Kila mmoja anajibu kwa zamu, dakika chache, hakuna anayemkatiza. Anayetaka maoni anasema, "Naomba ushauri." Anayetaka kuutua mzigo tu anasema, "Leo nisikilizeni tu." Huyu wa kwenye gari anasema mzee aliyekuwa akimhudumia amefariki alfajiri, wakati anamwosha ameona mikono yake inafanana na ya bibi, ambaye alizikwa yeye akiwa huku. Kinapita kimya. Kisha dada wa Leeds anasema, "Mimi baba sikumzika. Mpaka leo simu ikilia usiku naogopa kuipokea."

Angalia alichofanya huyo dada. Hakumwambia avumilie, wala hakumwambia kila kitu kina sababu. Ameliweka la kwake kando ya la mwenzake, basi. Sisi tuna haraka ya kufariji, na haraka hiyo humfunga mtu mdomo. Sisemi dini isiguswe, kwani wengi wameweza kusimama kwa sababu ya sala. Ninachopinga ni aya inayotumwa kabla mtu hajamaliza sentensi.

Kuna pia maarifa ambayo ni wenzako tu wanayo. Stockholm mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Aliyekulia Dodoma anaanza kulala muda wa saa kumi na mbili kwa siku, hamu ya chakula inabadilika, kazi zinamshinda, anajiita mvivu au anahisi amerogwa. Mwenzake aliyeishi huko miaka anamwambia kwamba mwili unadai mwanga, kwamba huzuni ya majira inafahamika kitabibu tangu miaka ya 1980, na kwamba zipo taa maalumu za mwanga mkali ambazo madaktari huzipendekeza. Dakika tano, na mtu ameacha kujilaumu.

Nguzo ya yote ni siri, na mtandaoni ndipo inapovunjika kwa urahisi. WhatsApp inaufunga ujumbe kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, lakini hakuna kinachomzuia mwanachama kupiga picha ya skrini na kumtumia binamu yake Tanga. Jamii zetu za ughaibuni ni ndogo, kila mtu ana ndugu anayemjua ndugu yako. Ndiyo maana makundi mazuri huwa madogo, watu wanane hadi kumi na watano, mtu anaingia kwa kudhaminiwa, anaruhusiwa kutumia jina la bandia, na ujumbe umewekwa ujifute wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Wengine kwa makusudi huchagua kundi lenye watu wa miji tofauti na mikoa tofauti, na nadhani hao wamefikiri vizuri.

Kwa wafanyakazi wa ndani walioko Saudi Arabia, Oman na nchi jirani, hali ni nyingine. Simu yenyewe inaweza kushikwa na mwajiri. Siku ya mapumziko inaweza isiwepo. Pale mfumo wa kafala unapotumika, kibali cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri huyohuyo anayemlalamikia. Umoja wa Falme za Kiarabu umezuia simu za sauti na video za WhatsApp kwa miaka mingi, kwa hiyo kundi linaishi kwa ujumbe wa sauti: mtu anarekodi kwa kunong'ona bafuni au akianika nguo juu ya paa, na majibu anayasikiliza alfajiri kabla nyumba haijaamka. Huko kupanga saa ya kikao haiwezekani. Na huko ndiko matapeli wanakopenda kuingia, na ahadi ya mwajiri bora au ya kukutorosha. Kanuni lazima iwe kali: humu hakuna fedha, hakuna wakala, hakuna kutumiana nakala ya pasipoti.

Kundi lina mipaka, na msimamizi asiyeijua anaweza kumdhuru mtu. Anayesema anataka kujiua, aliyepitisha wiki mbili hana usingizi mzuri wala hamu ya chochote, anayepigwa, hao wanahitaji zaidi ya masikio. Marekani kuna namba 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua au aliyezidiwa na dhiki, inayopokea saa 24 tangu Julai 2022. Uingereza na Ireland, Samaritans, shirika linalosikiliza walio kwenye dhiki, wanapatikana bure kwa 116 123. Anayeteswa na mwajiri Riyadh au Muscat, Kenya na Tanzania zote zina ubalozi huko. Namba hizi zikae juu kabisa ya kundi, mahali pa kuonekana hata na mtu anayelia.

Mpaka mwingine hauonekani haraka. Kundi linaweza kugeuka mahali pa kurudia malalamiko yaleyale kila wiki, watu wakaondoka wazito kuliko walivyoingia. Ukiona hivyo, ongezeni swali la mwisho: kabla ya Jumamosi ijayo utafanya jambo gani dogo? Kumpigia dada, kutembea hadi bustanini, kuweka miadi na daktari. Wiki inayofuata aulizwe, bila kusimangwa kama hakufanya.

Anayetaka kuanzisha aanze na watu watatu anaowaamini, waandike kanuni tano au sita, wapeane zamu ya usimamizi ili asichoke mmoja. Na wakubaliane mapema namna ya kufunga. Watu hurudi nyumbani, huoa, hubadilisha shifti, na kundi hupungua. Siku hiyo ikifika waagane kwa sauti, wafute ujumbe, na aliyebaki na uhitaji atafutiwe kundi jingine kwanza.