Picha ya Zamani, Sindano na Uzi: Dhana Zinazotupotosha

Dhana: Ukidarizi juu ya picha ya zamani, usipotumia picha yenyewe, kazi haina roho.

Hili nalipinga kwa nguvu zote, maana nililipia. Nilipoanza, nilichukua picha ya bibi, nikapitisha uzi mwekundu kuzunguka kola ya gauni lake. Nilitoboa matundu yakakaribiana mno. Nilipovuta uzi, karatasi ikachanika kufuata mstari wa matundu, kama stempu, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Ukweli ni kwamba nakala inatosha kabisa. Skani picha ndogo kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) au zaidi, uichapishe kwenye karatasi nene, halafu ya asili irudi bahashani. Kitambaa ukikosea unafumua, na tundu hujifunga lenyewe. Kwenye karatasi tundu hubaki milele. Kwa hiyo toboa kwanza kwa sindano nyembamba, ukiacha milimita 3 au 4 kati ya tundu na tundu, ndipo ushone.

Dhana: Picha iliyofifia haifai tena.

Picha nyingi za rangi hutokana na tabaka tatu za rangi: samawati, waridi na njano, nazo hazichakai kwa kasi moja. Samawati ikitangulia kufifia, picha nzima hugeuka nyekundu-nyekundu. Usikimbilie kuisafisha kwenye kompyuta. Wekundu huo ni umri wa picha, na unaweza kukuchagulia rangi za nyuzi zako zote.

Dhana: Kudarizi na kufuma ni kazi za nyumbani, si sanaa.

Hannah Höch, mmoja wa waanzilishi wa sanaa ya kukata na kubandika picha, kuanzia 1916 hadi 1926 alikuwa na ajira Berlin ya kuchora ruwaza za kudarizi na za lesi kwa ajili ya magazeti. Ruwaza hizohizo ziliingia katika kazi zake. Mwaka 1949 jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York, lilimfanyia Anni Albers, mfumaji, maonyesho ya peke yake. Naye Faith Ringgold alitengeneza mfarishi wake wa kwanza wa viraka mwaka 1980 akishirikiana na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mbunifu wa mavazi. Ringgold ndiye ninayempenda zaidi: mchoraji aliyekwisha kujijengea jina, akakaa kushona na mama.

Dhana: Cha muhimu kwenye picha ni sura za watu.

Sura zilipangwa. Mpiga picha alisema simama hapa, tazama huku, na pengine hata koti lilikuwa la kuazima. Tazama pembeni: kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya redio, kiraka kwenye mto, pindo lililoshonwa kwa mkono. Hivyo havikuambiwa vikae vizuri. Mimi huanzia hapo, nikahesabu safu za kitambaa kile kwa kioo cha kukuzia, kisha nikakifuma upya.

Dhana: Imo kwenye albamu yetu, basi ni yangu.

Katika nchi nyingi hakimiliki huanza kwa aliyepiga picha, hata kama karatasi iko kabatini kwenu. Na kabla hujaitundika hadharani, waombe ruhusa walioonekana humo na bado wako hai. Mkiwa mnazungumza, waulize pia ni nani aliyefuma kile kitambaa, uandike jina lake nyuma ya picha kwa penseli laini.