Je, wajua? Pampu haivuti msingi wa baharini uingie mchangani

Baadhi ya majukwaa ya mafuta na gesi na mitambo ya upepo baharini husimama juu ya ndoo kubwa za chuma zilizofudikizwa. Draupner E, jukwaa la Norwei katika Bahari ya Kaskazini, liliwekwa hivyo mwaka 1994. Ndoo huzama kidogo kwa uzito wake, kisha pampu hutoa maji yaliyo ndani nayo huendelea kushuka.

Husemwa kwamba pampu ndiyo huivuta ndoo. Sivyo. Pampu hupunguza tu shinikizo la ndani, na maji ya nje hukandamiza kifuniko. Kwa kipenyo cha mita 8 kifuniko kina mita za mraba 50 hivi. Tofauti ya kilopaskali 100 hutoa kilonyutoni 5,000, kama uzito wa tani 500.

Hata hilo ni nusu ya jibu. Ukiipa kompyuta nguvu hiyo peke yake ili iige ushukaji huo, ndoo ya modeli hukwama mapema kwenye mchanga ulioshikamana, ilhali ndoo ya kweli inashuka. Kilichosahauliwa ni maji yanayopenya mchangani: hushuka nje ya ukuta wa ndoo, huzunguka ncha yake ya chini, hupanda ndani na kuulegeza mchanga.

Jaza chombo mchanga na maji, ukandamize rula: itagoma. Ingiza maji polepole kutoka chini kwa mpira wa maji, rula itazama. Chembe ni zilezile, ila zimeacha kubanana, na bila kubanana hakuna msuguano.

Zikilegea kupita kiasi, mambo huharibika. Shinikizo la mita moja ya maji likipotea ndani ya takriban mita moja ya mchanga, chembe huelea na maji hujitoboa njia. Pampu inanguruma, ndoo haiendi popote.

Basi modeli hukokotoa maji na chembe kwa pamoja, sentimita kwa sentimita. Hapo wavu wa hesabu, yaani vipande vidogo ambamo kompyuta huugawa mchanga, hupindana kwenye ncha ya ukuta hadi programu inasimama. Wengine huusuka upya kila hatua. Wengine huuacha wavu utulie, mchanga upite ndani yake. Njia ya mkato ni kuiweka ndoo ikiwa tayari kwenye kina fulani: mtiririko hutoka vizuri, lakini mchanga huo wa modeli haujawahi kusumbuliwa na ndoo inayoshuka.

Namba inayosumbua zaidi ni upenyezaji wa mchanga wa ndani, yaani jinsi unavyopitisha maji kwa urahisi, ambao huongezeka kadiri mchanga unavyolegea. Mara nyingi hukadiriwa tu. Na ukikuta tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi, maji hayapandi, msaada wote huo hupotea.