Barua ya maombi ya kazi inatakiwa kusema nini?

Barua ya maombi ya kazi ni barua fupi, aghalabu ya ukurasa mmoja, inayoambatana na wasifu wako kwenda kwa mwajiri. Wasifu huorodhesha shule, vyeti, kazi ulizopitia na miaka yake. Barua huchagua mambo mawili matatu kati ya hayo na kueleza yanahusianaje na nafasi iliyotangazwa. Ukiugeuza wasifu wote kuwa aya, unamsomesha mtu jambo lilelile mara mbili, na pengine asifike mwisho.

Kwa hiyo anza na tangazo. Tuseme anatafutwa karani wa ghala anayejua kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta. Waombaji wengi wataandika: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma." Sarufi haina kasoro, ila hata anayeomba udereva angeweza kuandika hivyo hivyo. Sasa soma hii: "Kila Ijumaa huhesabu bidhaa zilizopo ghalani, nikalinganisha na kumbukumbu za kwenye kompyuta, kisha humwandikia msimamizi taarifa ya tofauti nilizozikuta." Hapo neno uaminifu halikutajwa, lakini msomaji ameuona. Kama hujawahi kuajiriwa, tumia ulichofanya kwenye mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea au biashara ya nyumbani. Kiwe cha kweli tu, maana kwenye usaili utaulizwa.

Umbo lake halina makuu: anwani, tarehe, salamu, halafu kichwa cha habari kinachotaja cheo kama kilivyo kwenye tangazo, pamoja na namba ya kumbukumbu ikiwapo. Aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba, ya mwisho iseme uko tayari kwa usaili na unapatikanaje. Hapo mwishoni ndipo wengi huanza kueleza ugumu wa maisha na wadogo wanaowasomesha. Mimi ningeyaacha hayo, hata kama ni ya kweli kabisa, kwa sababu hayamwambii mwajiri kama kazi unaiweza.

Si vibaya kutumia barua ya zamani kama kianzio, lakini aya ya katikati iandike upya kila unapoomba, na ukague jina la taasisi kila mahali lilipotajwa. Barua iliyoelekezwa kwa kampuni nyingine inaweza kuwekwa kando bila hata wasifu kufunguliwa.